Elimu kwa Umma: Mtazamo Mpana Una Utaratibu Wake

Madawati ya usuluhishi, letu likiwemo, yanazidi kupokea malalamiko ya watu ambao ukiwasikiliza kwa makini hawagombanii mali wala fedha. Ndugu hawasemezani kwa sababu wametofautiana namna ya kumlea mtoto. Wafanyakazi wa idara moja wanafichana taarifa tangu siku mmoja alipopendekeza utaratibu mpya na mwenzake akaupinga kabla hajamaliza kueleza. Mkuu wa kitengo anapopewa ushauri huona amevunjiwa heshima. Na karibu wote wanaokuja huandika kwenye fomu kwamba wao ni wasikivu, ila yule mwingine ndiye mbishi. Kwa kuwa kampeni ya elimu kwa umma ya safari hii inahusu kuishi na watu wenye mawazo tofauti na yetu, nimeombwa nieleze kidogo kuhusu mtazamo mpana. Naandika nikiamini kwamba wananchi wengi wana nia njema.

Kwanza tuondoe dhana moja inayotuchosha. Wapo wanaodhani mwenye mtazamo mpana ni mtu asiye na msimamo, anayeitikia kila anachoambiwa. Mtu wa aina hiyo hutupa kazi mara mbili: husaini makubaliano leo, na baada ya muda mfupi amerudi kulalamika kwamba alilazimishwa. Tunachokiomba ni kwamba upime maoni yako kwa ukali uleule unaoutumia kupima ya mwenzako. Ukishapima kwa haki, baki pale pale ukitaka, hakuna anayekukataza. Wala hulazimiki kuanza mjadala upya kila anapotokea mtu wa kukuambia kwamba dunia ni bapa. Hayo yalikwisha kupimwa.

Shida ni kwamba nia njema peke yake haifiki mbali. Mwaka 1979 watafiti Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaita wanafunzi walioiunga mkono adhabu ya kifo na wengine walioipinga. Wote walisomeshwa tafiti mbili: mmoja ulionyesha kwamba adhabu hiyo inazuia mauaji, wa pili ukaonyesha kinyume. Kila upande uliusifu utafiti uliokubaliana nao, ukautafutia kasoro ule mwingine, na mwisho ukasema sasa unaamini zaidi kuliko ulivyoamini mwanzoni. Ushahidi mmoja, mezani pamoja, na watu wakazidi kutengana.

Mwaka 1984 Lord na Lepper walirudia jambo hilo wakiwa na Elizabeth Preston. Safari hii baadhi ya washiriki waliombwa waziwazi wawe waadilifu, wasipendelee upande wowote. Hawakubadilika. Wengine walipewa swali la kujiuliza kila hatua: je, utafiti huuhuu, kwa njia hizihizi, ungeleta jibu la kinyume, ningeuona mzuri au mbaya vilevile? Hao ndio waliopima kwa haki. Wahenga walikwisha kusema kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Lililobaki kwetu ni kutafuta namna ya kuizuia mikono.

Kwa sababu hiyo, mtu akiniambia "mimi huwa nasikiliza pande zote", humwuliza anasikiliza kwa utaratibu gani. Wengi hawana. Sisi tunao, na nitaueleza kirefu kwa sababu mtu yeyote anaweza kuutumia bila kufika kwetu.

Fomu ina sehemu mbili za maelezo. Ya kwanza ni lalamiko lako. Ya pili inakutaka uandike hoja ya upande wa pili kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma atasema ndiyo, hiyo ndiyo hoja yangu. Hapa ndipo fomu nyingi hukwama. Watu huandika "hana hoja", "anajua mwenyewe", au wanaacha wazi. Fomu ya namna hiyo hurudishwa, na fomu ikirudishwa tarehe ya kikao haipangwi. Tafadhali msilaumu mapokezi, ni sharti.

Kikao kikianza, upande mmoja hueleza bila kukatizwa. Upande wa pili haujibu bado: kwanza unarudia kilichosemwa kwa maneno yake, na aliyesema ndiye anayethibitisha kwamba ameeleweka. Asipothibitisha, wanarudia. Ni baada ya hapo tu ndipo majibu yanapokelewa, kisha zamu inageuka. Anayekatiza huonywa, akiendelea, kikao huahirishwa na sababu ya kuahirishwa huandikwa kwenye kumbukumbu. Msuluhishi anaweza pia kuzungumza na kila upande faraghani, na yanayosemwa huko hayatolewi bila idhini ya aliyeyasema. Msuluhishi hatoi hukumu. Narudia kwa sababu tunaulizwa kila siku: hatutangazi nani mshindi. Mkikubaliana, mnasaini hati, na katika nchi nyingi hati hiyo ikisajiliwa mahakamani hutekelezwa kama hukumu, hivyo anayeikiuka anaweza kujikuta kwenye hatua za utekelezaji. Ulizia sheria ya mahali ulipo kabla ya kusaini. Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Hatua ya kurudia maneno ya mwenzako ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mara nyingi mtu akilazimika kuieleza hoja aliyokuwa akiidharau, anagundua kwamba muda wote amekuwa akibishana na kitu ambacho hakikusemwa.

Nyumbani hakuna msuluhishi, kwa hiyo utahitaji mazoea madogo. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba kila alipokutana na jambo lililopingana na matokeo yake alilinukuu papo hapo, kwa kuwa alikuwa ameona mambo ya aina hiyo hutoroka akilini haraka kuliko yanayotupendeza. Daftari au simu inatosha. Vilevile, badala ya kumwuliza mwenzako kwa nini anaamini anachoamini, jambo ambalo humfanya ajitetee, mwombe aeleze jambo lenyewe litakavyofanya kazi hatua kwa hatua, nawe ujieleze hivyohivyo. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale waliwataka watu waeleze jinsi vitu vya kawaida kama zipu vinavyofanya kazi, na baada ya kujaribu wengi walishusha alama walizokuwa wamejipa za kuelewa. Kama zipu inatushinda kuieleza, malezi ya mtoto tuyaendee taratibu.

Kazini, wakuu wa vitengo waseme mwisho. Hili halihitaji semina.

Kuna mpaka ambao lazima niutaje. Utaratibu huu ni wa watu wanaotofautiana kimawazo na wenye uhuru wa kusema bila hofu. Anayepigwa, anayetishwa au anayedhalilishwa hatakiwi kuketi na kurudia hoja za anayemtesa, na asikubali kuambiwa na ndugu wala jirani kwamba awe na mtazamo mpana. Malalamiko ya namna hiyo hatuyasuluhishi. Yapelekwe polisi au kwa huduma za kuwalinda waathirika wa ukatili, na mtoa huduma akijaribu kuyarudisha kwenye usuluhishi, una haki ya kukataa.

Kwa wenye fomu zilizorudishwa: lalamiko lako halijafutwa. Chukua fomu mpya, anza na sehemu ya pili kabla ya ya kwanza, na ukikwama mpigie simu huyo unayemlalamikia umwulize hoja yake ni ipi. Simu hiyo inaruhusiwa. Ikitokea mkaelewana hukohuko, tujulishe kwa maandishi ili jalada lifungwe.