Biskuti za maini kwa mbwa, na kwa nini hazina mahindi

Masika ya mwaka jana mama mmoja wa Mbezi Beach aliniletea mbwa wake akiwa hawezi hata kusimama. Nilipomwinua mdomo wa juu, fizi zilikuwa za manjano kana kwamba zimepakwa binzari. Weupe wa macho nao ulikuwa hivyo hivyo.

“Shikamoo mama. Wiki hizi amekula nini?”

“Marahaba mwanangu. Chakula chake cha siku zote. Ila nilianza kumtengenezea biskuti mwenyewe, maana za dukani siziwezi tena. Unga wa dona na dagaa, naoka, nampa.”

Nikamwomba aniletee huo unga. Jioni mlinzi wake alikuja nao kwenye kindoo. Ulikuwa umeshikana mabonge, na ukiusogeza puani unanuka kama chumba kilichofungwa tangu mwaka juzi. Dalili zote zilikuwa za sumukuvu. Mbwa alikufa siku ya tatu, ini likiwa limeshindwa kabisa.

Yule mama alikuwa na nia njema, na wazo lake la kupika nyumbani nalikubali kwa moyo wote. Biskuti unayoioka mwenyewe unajua kilichomo ndani. Kilichomponza ni unga. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Tunaijua vizuri katika nchi hii: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa ni mwepesi sana kudhurika nayo, na moto wa jikoni hauiondoi. Unaweza kuchemsha, kukaanga, kuoka hadi biskuti iungue, sumu bado imo. Na jiji letu hili, lenye joto na unyevu wa bahari, ni mahali pazuri kwa ukungu. Unga ulioingia stoo ukiwa mzima unaweza kuharibika humo humo.

Ndiyo maana biskuti ninazowafundisha wateja wangu hazina mahindi wala karanga. Natumia unga wa mchele, kwa kuwa mchele mkavu unauona kwa macho, unaupepeta, unausaga mwenyewe kwa brenda siku ile ile ya kuoka. Kwa hilo siachi nafasi ya kubahatisha.

Vinavyohitajika ni vichache: robo kilo ya maini ya ng'ombe, viazi vitamu vya gramu 300 hivi, yai moja, na vikombe viwili vya unga wa mchele. Basi. Chumvi usitie. Kitunguu maji na kitunguu saumu usitie kabisa, hata kidogo cha kuleta harufu, kwa sababu vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au ni vya unga. Kwa hiyo na viungo vya mchuzi vya pakiti havifai, na makombo ya pilau pia.

Maini nayatilia mkazo kuliko vyote. Wachuuzi wengi wanajua watu wa mbwa hununua yale yaliyokataliwa, yenye madoa na vifuko vya maji. Usiyachukue hata ukipewa bure. Vifuko vile vinaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu aitwaye Echinococcus. Mbwa akila ini bichi la namna hiyo, tegu wanakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto wako anayecheza uani anaweza kuyameza. Kwa binadamu huota vifuko kwenye ini au mapafu, na mara nyingi dawa yake ni upasuaji. Nunua maini safi, yanayong'aa, ya bucha unayoila wewe. Yachemshe dakika 20 hadi ukikata katikati huoni damu.

Chemsha na viazi, vimenye, viponde. Saga maini kwa supu yake kidogo, changanya na viazi na yai, kisha ongeza unga polepole mpaka donge lisigande mkononi. Sukuma kama chapati lakini liwe nene nusu sentimita, ukate vipande vya sentimita 2 kwa 2. Ukiwa na oveni, oka nyuzi 160 kwa dakika 25, halafu shusha hadi 100 na uache saa nzima vikauke. Mkaa nao unafaa sana: makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko, kama unavyooka keki, ukivigeuza mara mbili.

Hapa kwenye kukausha ndipo wengi wanapoharibu. Kipande kikipoa kivunje kwa vidole. Kikilia “ka!” kimekauka. Kikijikunja, rudisha motoni. Mimi mwenyewe niliwahi kufungia kwenye kopo vipande vilivyokuwa bado na uvuguvugu, na siku ya nne vilikuwa na manyoya ya kijani, nilitupa vyote. Tangu hapo naacha vipoe usiku kucha chini ya kitambaa safi, ndipo naweka friji, na baada ya wiki moja kilichobaki situmii. Kwenye friza vinakaa hata miezi miwili.

Nikiulizwa idadi, hesabu yangu ni hii. Mbwa mzima wa kilo 10 anahitaji kama kilokalori 600 kwa siku, na vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi, yaani 60. Donge hili linatoa vipande zaidi ya 300, kila kimoja kama kilokalori 5. Kwa hiyo 10 au 12 vinamtosha kwa siku, na chakula chake cha kawaida kipunguzwe kidogo. Usimwongezee maini mengine kwenye bakuli: yana vitamini A nyingi, na ikizidi kwa miezi inaharibu mifupa.

Dagaa? Wanafaa, wakiwa wa ziwani. Wa baharini wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Wa ziwani waoshe mpaka mchanga uishe, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, mpe wazima wazima.

Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, na chochote kisicho na sukari chenye xylitol (kitamu kinachowekwa badala ya sukari), kama bigijii, viwekwe mbali naye kabisa.

Jambo moja la nyumbani: tenga sufuria, kisu na kibao vya mbwa. Na kama dada anayekusaidia ni Muislamu, muulize kwa heshima kabla ya kumpa bakuli la mbwa aoshe. Wengi wataona uzito, na wana haki.

Supu ya maini iliyobaki usiimwage. Ikipoa, engua mafuta ya juu, mimina kwenye trei ya barafu, gandisha. Miezi ya kaskazi, saa nane mchana, mbwa amelala chini ya gari anahema ulimi nje, mpelekee kibonge kimoja.