Figo ya Marehemu: Yanayosemwa Kwenye Daladala na Yaliyo Kweli

"Figo ya maiti ni mzoga, hata ukiwekewa haifanyi kazi." Nimeyasikia hayo kwenye daladala inayopanda Bugando, yakisemwa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Dhana: Moyo ukisimama, figo nayo imekufa.

Haifi papo hapo. Mchuuzi wa sangara pale mwaloni Kirumba anaelewa jambo hili kuliko wengi wetu (naomba radhi kwa mfano huu): kinachomharibu samaki ni muda aliokaa juani kabla ya barafu. Figo nayo huumia zaidi katika dakika zile ambazo damu imekoma na mwili ungali na joto. Ndiyo maana wapasuaji huisuuza haraka kwa maji maalumu ya baridi. Baridi yenyewe hupunguza uharibifu tu, haiuzuii kabisa, hivyo figo ya namna hii haipendi safari ndefu. Nchi nyingine huiunganisha na mashine inayopitisha maji hayo ndani yake njia nzima, na figo zinazochelewa kuamka, yaani kuanza kufanya kazi, zimepungua.

Nchini Uingereza, zaidi ya watoaji 4 kati ya 10 waliofariki ni watu ambao moyo wao ulisimama. Ukifuatilia wagonjwa waliopewa figo hizo miaka mitano baadaye, hali yao inakaribiana sana na ya waliopewa figo za watu waliokufa ubongo moyo ukiwa bado unadunda.

Dhana: Ukipandikizwa kisha ukarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, imeshindikana.

Hapa ndipo familia nyingi hulia mapema. Figo iliyokaa bila damu huweza kulala siku kadhaa, hata wiki kadhaa, na jambo hilo hutokea mara nyingi zaidi kwa figo za waliosimama moyo. Mgonjwa husafishwa damu huku ikisubiriwa. Nyingi huamka: mkojo huongezeka na kreatinini (taka ya kwenye damu inayotolewa na figo) hushuka siku hadi siku.

Dhana: Figo mpya ikishika, dawa unaacha.

Hapana. Dawa za kuzuia mwili kuikataa ni za kila siku, muda wote figo inapofanya kazi. Na balungi uliache, huvuruga kiwango cha baadhi ya dawa hizo kwenye damu.

Dhana: Madaktari watakuharakisha ufe wapate figo.

Kwenye nchi zenye utaratibu huu, timu inayomtibu mgonjwa si ile inayopandikiza. Uamuzi wa kuondoa mashine za kumsaidia kupumua hufanywa kwanza, peke yake. Moyo ukisimama, Uingereza husubiri dakika 5 bila kumgusa kabla ya kuthibitisha kifo.

Huku kwetu hofu hiyo haina pa kushika kwa sasa. Tangu hospitali ya Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, watoaji wamekuwa ndugu walio hai. Familia ya Ukerewe au Sengerema inakaa kikao kwa swali jingine kabisa: nani kati yao yuko tayari kupimwa.