Je, wajua kwa nini bwawa la kuogelea Arusha huwa baridi hata jua likiwaka?

Jua la mwezi wa saba Arusha linaweza kukuchoma mabega ukiwa umekaa ukingoni mwa bwawa, huku maji yaliyo mbele yako yakimfanya mtoto agonge meno ndani ya dakika kumi. Wazazi wengi hudhani hoteli imebadilisha maji usiku. Mara nyingi hakuna aliyegusa kitu. Usiku bwawa limepoteza joto lililopata mchana, na kwa sehemu kubwa limelipoteza kwa njia ile ile inayopoza maji ya mtungi: mvuke.

Chukua bwawa lenye wastani wa kina cha mita 1.4. Siku ya jua zuri, kila mita moja ya mraba hupokea nishati ya kama kilowati-saa 5. Maji hata yakiimeza yote, joto lake litapanda nyuzi 3 tu, kwa sababu chini ya ile mita moja ya mraba kuna lita 1,400 za kupasha. Sasa tazama upande wa pili. Tabaka la maji lenye unene wa milimita 5 likigeuka mvuke, huondoka na joto la kutosha kulishusha bwawa zima nyuzi 2. Na milimita 5 ni kitu kidogo. Hewa kavu na upepo huziondoa kwa siku moja bila mtu kuona maji yamepungua. Ongeza joto linalopaa kwenda angani usiku kukiwa hakuna mawingu, hesabu inakuwa imekwisha.

Kipupwe huongeza ubaya wake. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, Arusha huamka na mawingu yaliyolala upande wa Mlima Meru, na kuna siku jua huonekana baada ya adhuhuri tu. Joto linaloingia bwawani hupungua sana, linalotoka halipungui kwa kiasi hicho. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na hewa hupoa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900, hivyo tofauti ya nyuzi 3 ni jambo la kutarajia. Kwa familia yenye watoto wadogo, bwawa lisilopashwa la Moshi mjini ni chaguo bora kuliko la Arusha wakati wa kipupwe. Ila angalia hoteli za Marangu na Machame: watu huziita za Moshi, lakini ziko juu kwenye Mlima Kilimanjaro na baridi yake ni nyingine.

Kuna jambo ambalo hata baadhi ya wenye hoteli hawalipi uzito. Katikati ya mwaka jua letu la mchana haliko utosini, liko upande wa kaskazini. Mwezi wa sita, saa sita mchana, jengo la urefu wa mita 12 lililo kaskazini mwa bwawa hutupa kivuli cha mita 6 juu ya maji, na asubuhi na jioni kivuli hicho hurefuka zaidi. Miti mirefu hufanya hivyo hivyo. Mwezi wa kumi na mbili jua huhamia kusini na kivuli hicho huondoka. Kwa hiyo bwawa lililokufurahisha Krismasi linaweza kuwa friji mwezi wa saba, maji yale yale, pampu ile ile. Ukifika, tafuta kaskazini ni wapi kisha utazame kimesimama nini upande huo.

Slaidi, ndoo zinazomwaga maji na nguzo za umbo la uyoga zinazonyunyiza maji ndivyo vinavyowavuta watoto, na ndivyo vinavyopoza bwawa haraka kuliko kitu kingine. Maji yakipasuliwa kuwa matone, sehemu inayogusana na hewa huwa kubwa mno, na mvuke hutoka kwa kasi. Hoteli inayojali huwasha mitambo hiyo watoto wakiwepo na kuizima wakiondoka. Ukiona slaidi zinabubujika usiku kucha kwa ajili ya kupendeza, jua kwamba asubuhi maji yatakuwa ya barafu.

Bwawa la watoto lenye kina cha sentimita 40 lina tabia yake. Jua lile lile la siku moja lingeweza kulipandisha nyuzi 10. Halifiki huko kwa kuwa nalo linatoa mvuke, lakini alasiri huwa vuguvugu kweli kweli. Ubaya ni kwamba hupoa upesi vile vile, hivyo saa tatu asubuhi linaweza kuwa baridi kuliko bwawa kubwa. Wapeleke wadogo hapo kuanzia saa saba hadi saa kumi. Maji hayo machache na ya moto humaliza haraka klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, hasa watoto wakiwa wengi na wengine wakikojoa humo. Ukisikia harufu kali inayowasha macho, usidhani klorini imezidi. Hiyo ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, na bwawa linahitaji kuhudumiwa kabla mtoto hajaingia tena.

Je, maji yanafaa yakiwa na joto gani? Mabwawa ya mashindano huwekwa kati ya nyuzi 25 na 28, na hao ni waogeleaji wasiotulia. Mtoto mdogo anayechezacheza huhitaji kama 30. Kwenye nyuzi 22, dakika 15 hadi 20 zinamtosha mtoto wa miaka mitano, halafu atoke, afutwe, avuliwe nguo mbichi na kufungwa khanga kavu. Kumwacha ukingoni na kostumu iliyolowa ni kuendeleza baridi, kwa sababu sasa mvuke unatoka mwilini mwake. Chai ya tangawizi au uji wa moto humsaidia kupata joto kutoka ndani.

Kwa ngozi nyeusi usisubiri kuona midomo ikigeuka rangi. Funua mdomo wa chini utazame ndani, angalia na kucha. Kutetemeka ni ishara ya kutoka majini papo hapo. Mtoto aliyekuwa akitetemeka, akaacha ghafla huku bado ni wa baridi, akalegea au kusinzia, huyo apelekwe hospitali bila kungoja.

Ubaridi huo huo huficha ukali wa jua. Miale inayounguza ngozi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na mawingu mepesi hayaizuii sana. Mtoto akiwa majini hasikii akiungua. Utayaona mabega jioni. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea husaidia pande zote mbili, jua na upepo. Kwa mtoto mwenye ualbino si jambo la kujadili: fulana, kofia pana na losheni, kama ile inayotengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yao, na kipindi cha majini kiwe baada ya saa kumi hata kama maji yameanza kupoa.

Na wasinywe maji ya bwawa. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo maana meno ya kahawia ni ya kawaida Arumeru. Klorini haiiondoi, na kila mvuke unapotoka, floraidi hubaki nyuma.

Hoteli inaweza kulishinda tatizo hili. Turubai la plastiki lenye mapovu, likitandazwa kila jioni, huzuia karibu mvuke wote na hufanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi. Mabomba meusi juu ya paa hupasha maji kwa jua bila hita ya umeme, lakini yanahitaji eneo la angalau nusu ya ukubwa wa bwawa, na pampu yake izimwe jua likizama. Ikisahaulika, maji huzunguka paani usiku kucha yakipoteza joto, na bwawa linakuwa baridi kuliko lisilo na mtambo wowote.

Basi unapopiga simu kuweka nafasi, usiulize kama bwawa lina hita. Wengi watajibu ndiyo. Uliza jana saa tatu asubuhi kipimajoto kilisoma ngapi, na kama usiku bwawa hufunikwa. Anayehudumia bwawa vizuri hupima kila siku na kuandika daftarini, kwa hiyo atakutajia namba. Ukijibiwa tu kwamba maji ni mazuri, panga kufika baada ya chakula cha mchana.