Nyumba ya Ndege Haihitaji Kijiti Mlangoni

Nimerudishiwa tena nyumba ya ndege niliyoitengeneza, mwenye nayo akiniomba nichomeke kijiti chini ya tundu ili ndege wapate pa kutua. Ombi hilo nimelisikia kwa wateja, kwa wanagenzi na hata kwa mafundi wenzangu ambao kazi zao naziheshimu, na kwa kuwa nyumba za mapambo zinazouzwa madukani zinazidi kulieneza, naona ni afadhali nilijibu kwa maandishi.

Ndege wanaokubali nyumba ya mbao ni wale ambao kwa asili hutaga ndani ya mashimo ya miti, ama yaliyotobolewa na vigogota na kuachwa, ama yaliyobaki baada ya tawi kuoza. Wanaofuma viota vyao matawini hawataingia hata ukiwajengea kasri. Sasa, ni shimo gani la mti lenye kijiti mbele yake? Ndege hawa wana kucha za kung'ang'ania gome lililosimama wima; huruka moja kwa moja hadi ukingoni mwa tundu, wakashika na kuingia. Kijiti hakiwaongezei chochote, ila humpa adui pa kuegemea: kunguru anayevizia makinda, au ndege mgomvi anayekaa hapo kumzuia mwenye nyumba asiingie wala asitoke. Ikiwa umekwisha kununua nyumba yenye kijiti, kikate kwa msumeno kiwe sawa na ubao. Usiking'oe, kwa maana utaacha tundu la pili la kupitisha upepo na mvua.

Kinachostahili mjadala wote huo ni kipenyo cha tundu, na hicho ndicho watu wasichoniuliza. Shomoro wa majumbani hupita penye milimita 32, na kwezi wa Ulaya huhitaji takriban 45. Huko Amerika ya Kaskazini, ambako kwezi huyo aliachiliwa New York mwaka 1890 na baadaye akawa mnyang'anyi wa mashimo ya wenyeji, watu hutoboa milimita 38 ili ndege mdogo wa buluu apite na kwezi abaki nje. Tofauti ya milimita chache ndiyo inayoamua nani atalea makinda na nani atafukuzwa, kwa hiyo sielewi fundi anayetoboa kwa kukisia na kisha kumalizia kwa tupa. Tafuta kwanza ni ndege gani wa mashimo wanaoishi karibu nawe, ndipo uchague keekee. Ukingo wa chini wa tundu uwe angalau milimita 125 juu ya sakafu, ili mkono wa paka usiyafikie makinda kwa urahisi.

Mbao zenyewe ni jambo jepesi: zisizotiwa dawa, unene usiopungua milimita 15, zikaunganishwa kwa skrubu. Sakafu ikae ndani ya kuta, isikae chini yake, ili maji yanayotiririka ukutani yadondoke badala ya kunyonywa na ubao, na pembe zake zikatwe kidogo ili unyevu upate pa kutokea. Paa litokeze mbele kulikinga tundu. Upande mmoja utiwe bawaba, kwa sababu kiota cha zamani huhifadhi viroboto na utitiri, na ni lazima kiondolewe makinda yakishaondoka.

Nawasihi pia muache kuranda na kupiga msasa upande wa ndani wa ubao wa mbele. Najua jicho la fundi huumia kuona ubao uliokwaruzwa, lakini makinda hupanda kutoka sakafuni hadi tunduni kwa kucha zao, na ukuta laini huwawia mgumu kuupanda. Mimi huchanja mistari ya mlalo kwa patasi chini ya tundu, nami naiona kazi hiyo kuwa na thamani kuliko rangi yoyote ya nje. Ndani, rangi na vanishi zisiguse kabisa.

Kuhusu upande wa kuelekeza tundu, vitabu hutaja kaskazini au mashariki kwa uhakika ambao mimi sina. Nimeona nyumba zilizoelekezwa kinyume cha maagizo zikikaliwa, na zilizoelekezwa vizuri zikibaki tupu. Ninachosisitiza ni kuliepusha tundu na jua la mchana na mvua ya upepo, na kuifunga nyumba imara, mita mbili hadi nne kutoka ardhini, mbali na tawi ambalo paka anaweza kulitumia. Ikipita misimu miwili bila ndege kuingia, ihamishe. Kabla ya hapo iache ilipo, kwa sababu ndege wengine huichunguza muda mrefu kabla ya kuingiza jani la kwanza.