Je, wajua kwa nini 12345678987654321 husomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia?

Chukua 111111111, yaani tarakimu 1 iliyoandikwa mara tisa, uizidishe kwa yenyewe. Jibu ni 12345678987654321, namba yenye tarakimu 17 ambayo hupanda kutoka 1 hadi 9 kisha hushuka hadi 1, na ukiisoma kuanzia mwisho huoni tofauti yoyote. Wengi huionyesha kama kioja tu, lakini uzuri wake hasa umo katika sababu yake, ambayo yeyote aliyefundishwa kuzidisha kwa kupanga safu anaweza kuifuata.

Tuanze na namba ndogo. Tunapozidisha 111 kwa 111, tunaandika 111 katika mistari mitatu, kila mstari ukisogea nafasi moja kushoto kuliko ule wa juu yake. Safu ya mwisho kulia huwa na 1 moja, inayofuata huwa nazo mbili, ya katikati tatu, kisha mbili, kisha moja, na jumla ni 12321. Mistari hiyo hupungua kwa namna ileile kila upande, ndiyo maana safu zilizo umbali sawa kutoka katikati hulingana. Kwa 111111111 mistari ni tisa, na safu ya katikati hutoa 9, ambayo bado ni tarakimu moja, kwa hiyo hakuna cha kupeleka safu ya jirani.

Ongeza 1 ya kumi, na mambo hubadilika. Safu ya katikati sasa hutoa 10. Tunaandika 0 na kupeleka 1 kushoto, ambako 9 iliyokuwapo nayo huwa 10, hivyo 1 nyingine huhamia kwenye 8 na kuifanya 9. Jibu ni 1234567900987654321. Tazama vizuri: upande wa kulia umebaki salama, wa kushoto ndio uliovurugika, kwa kuwa kinachozidi katika safu huhamia kushoto daima. Mpaka huu umewekwa na desturi yetu ya kuhesabu kwa makumi. Katika mfumo wa kumi na sita, unaotumiwa na waandishi wa programu za kompyuta, mpangilio huu hudumu hadi tarakimu 1 zifike kumi na tano.

Kwa sababu hakuna kilichohamishwa, jumla ya tarakimu za 12345678987654321 ni 81, yaani 9 mara 9, na 9 ndiyo jumla ya tarakimu za 111111111.

Tukiigawanya 111111111 katika namba tasa tunapata 3 × 3 × 37 × 333667. Katika namba yetu kubwa, basi, 3 hutokea mara nne, 37 mara mbili na 333667 mara mbili, na hivyo ina vigawo 45. Kila kigawo kina mwenzake ambaye wakizidishwa pamoja huirudisha namba hiyo, isipokuwa 111111111, ambayo mwenzake ni yenyewe. Ukivipanga vigawo vyote kuanzia kidogo hadi kikubwa, 22 huwa chini yake, 22 juu yake, nayo hukaa katikati kabisa, mahali palepale ambapo 9 hukaa ndani ya 12345678987654321.