Uvimbe wa Upande Mmoja Usingoje Kupambazuke: Siku za Kupona Baada ya Kukaza Shingo

Simu za usiku zinazoingia katika kitengo chetu cha upasuaji wa kurekebisha maumbile zimeongezeka, na wengi wanaopiga wamefanyiwa upasuaji wa kukaza shingo, kwetu au kwingine. Hatuna kinyongo na simu hizo. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba anayepiga saa nane za usiku ni yule ambaye damu imevilia mpaka kifuani, au aliyegundua kuwa ndewe ya sikio imekufa ganzi. Hayo yanaweza kungoja. Aliyevimba ghafla upande mmoja, shingo ikamkaza na mate yakawa hayamezeki vizuri, ndiye anayenyamaza mpaka asubuhi kwa kuwa hakutaka kusumbua watu. Makala haya yameandikwa kwanza kwa ajili yake. Masharti uliyopewa na daktari aliyekupasua yakitofautiana na haya, fuata yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua alichokifanya.

Katika upasuaji huu ngozi ya shingo huinuliwa kutoka kwenye nyama iliyo chini yake. Kingo za msuli mpana wa shingo, platisma, huvutwa na kushonwa pamoja, pengine mafuta hufyonzwa, kisha ngozi iliyozidi hukatwa na mshono kufichwa chini ya kidevu na nyuma ya masikio. Kwa nje utaona mishono michache tu. Kwa ndani kuna eneo pana ambalo ngozi bado haijashikana na mwili, na damu ikitoka hapo ina pa kujaa. Karibu kila sharti utakalopewa wiki ya kwanza linatokana na hilo.

Damu kujikusanya chini ya ngozi ndiyo hitilafu inayotokea mara nyingi zaidi katika upasuaji wa uso na shingo, na kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 24 za mwanzo. Wanaume huipata zaidi kuliko wanawake, na wenye presha ya juu wako hatarini zaidi. Dalili zake hazifanani na uvimbe wa kawaida. Uvimbe wa kawaida huja polepole, pande zote mbili, na hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Huu mwingine huja kwa kasi, hukaa upande mmoja, huwa mgumu, na huleta maumivu ambayo dawa iliyokutuliza saa chache kabla haiyawezi tena. Ukiongezeka unaweza kubana njia ya hewa.

Kwa hiyo usiku wa kwanza usilale peke yako. Anayekuuguza akuangalie mwanga ukiwa umewashwa, si kwa kurunzi ya simu. Bendeji ikiwa imefunika shingo, apitishe vidole kwa upole kwenye ukingo wake chini ya taya, kulia kisha kushoto, alinganishe. Upande mmoja ukiwa umetuna na kukaza kuliko mwingine, kaa wima, pigeni simu, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Usilale chali, usiongeze kidonge, wala usiongeze bendeji juu ya bendeji ukidhani utaizuia damu. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje hata simu ipokelewe, nenda kwenye chumba cha dharura kilicho karibu. Ukifika, daktari anaweza kulegeza mishono papo hapo ili damu itoke, kisha urudishwe chumba cha upasuaji kutafuta mshipa unaovuja. Wagonjwa huliogopa sana hilo la kurudishwa. Lakini damu iliyoachwa hapo inaweza kuua ngozi iliyo juu yake, na ngozi iliyokufa huacha kovu kubwa kuliko lile ulilokubali.

Kinachopandisha presha ndicho kinachofungua mishipa midogo iliyokwisha kuziba. Mtu huinama kutafuta ndala chini ya kitanda, damu yote ikamjia kichwani. Mwingine anakamua chooni kwa sababu dawa kali za maumivu, kama kodeini, zimemfungia choo. Kikohozi, kutapika, kubeba mtoto, hata kibofu kilichojaa kwa saa nyingi, vyote vinahesabika. Kunywa maji, kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, omba dawa ya kulainisha choo mapema, na usiache vidonge vyako vya presha isipokuwa daktari amekuambia. Kutembea taratibu chumbani tangu siku ya kwanza tunakuhimiza, kwa kuwa kunapunguza hatari ya damu kuganda miguuni.

Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo ya kuanzia, na mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, akihesabu pia ile iliyomo ndani ya dawa za mafua. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hudhoofisha kuganda kwa damu, usizimeze bila ruhusa. Ila kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako, maana kuiacha nako kuna hatari yake. Na hapa niseme wazi: ukiulizwa unatumia dawa gani, vidonge vya kitunguu saumu, jinsengi, ginko na vitamini E ni jibu. Kila mara tunaambiwa kwamba hizo si dawa, ni za asili tu. Damu haibagui.

Kama umeruhusiwa ukiwa na mpira wa kutoa damu, yaani mrija unaotoka chini ya ngozi na kuishia kwenye kibofu cha plastiki, nao kwa kawaida hukaa siku moja au mbili, nawa mikono kwanza. Fungua kizibo, mimina kwenye kikombe cha kupimia, andika mililita, saa na rangi. Kisha minya kile kibofu cha plastiki mpaka kuta zake zikutane, na ukiwa bado umekiminya, funga kizibo. Ukifunga kabla ya kuminya, hakivuti kitu, na utaleta karatasi yenye sifuri huku majimaji yamebaki shingoni. Tunaamua kuutoa kwa kuangalia hesabu hiyo, hivyo usikadirie. Kikijaa damu nyekundu mara mbili kwa muda mfupi, hiyo ni simu ya dharura.

Bendeji ya kubana huvaliwa kutwa kucha kwa takriban wiki ya kwanza, halafu usiku tu kwa wiki kadhaa. Kazi yake ni kushikilia. Haichongi shingo, na kuikaza zaidi hakuharakishi matokeo, kunanyima ngozi damu. Lala chali, kiwiliwili kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Usirundike mito chini ya kichwa mpaka kidevu kikaguse kifua, maana mkunjo huo huanguka pale pale palipoinuliwa ngozi. Ukiitwa, geuka kwa mabega.

Sigara tunaikataza kwa angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, na baadhi ya vituo hupima kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, siku chache kabla ya upasuaji. Sigara ya umeme ina nikotini. Ugoro una nikotini. Nikotini husinyaza mishipa ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio, iliyo mbali zaidi na chanzo chake cha damu, ndiyo hubadilika kuwa nyeusi kwanza. Ukikutwa umevuta, upasuaji unaahirishwa. Hatukuadhibu, ila hatuwezi kukata ngozi tunayojua huenda isipone.

Mengine mengi yanayoleta hofu ni safari ya kawaida ya kupona. Weusi wa damu iliyovilia huteremka kifuani na kufifia katika siku 10 hadi 14. Mishono ya nje hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 10. Wengi hurudi kwenye kazi ya kukaa baada ya wiki moja hadi mbili, mazoezi mazito baadaye zaidi, na usiendeshe gari mpaka uweze kugeuza shingo na uwe umeacha dawa zinazoleta usingizi. Vinundu chini ya kidevu ni makovu ya ndani, hulainika kwa miezi. Usivikande. Tumeona shingo zilizoungua kwa maji ya moto na kwa mashine ya kukausha nywele kwa sababu ngozi yenye ganzi haikumwambia mwenyewe kwamba inaungua. Ganzi hiyo hukaa wiki au miezi, hasa kwenye ndewe, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoihudumia hupita karibu sana na eneo la upasuaji. Wanaume, nyoeni kwa mashine ya umeme, si wembe. Mdomo wa chini ukivutika upande, tuambie kwenye kliniki. Mara nyingi hurudi wenyewe.

Ukiwa uliwahi kuota keloidi, kovu nene linalokua kupita jeraha lenyewe, hata la tundu la hereni, tulipaswa kujua kabla. Ukiona kovu linainuka, njoo mapema, kwani sindano za steroidi na jeli ya silikoni husaidia zaidi likiwa changa.

Picha mnazotutumia siku ya tano mkiuliza kwa nini upande wa kushoto haufanani na wa kulia tunazipokea na kuziweka kwenye faili. Hatupasui tena shingo iliyovimba. Umbo hupimwa kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na kovu huendelea kubadilika mwaka mzima au zaidi. Homa ya nyuzi 38, usaha, harufu, au wekundu unaosambaa havisubiri kliniki wala picha.

Namba ya dharura iko juu ya fomu ya ruhusa ya kutoka hospitali. Ibandike ukutani karibu na kitanda, mahali anayekuuguza anapoweza kuisoma bila kukuamsha. Ukija usiku wa manane ikaonekana ni uvimbe wa kawaida, utapimwa presha, utaangaliwa pande zote mbili, itaandikwa kwenye faili, na utarudi nyumbani kulala.