Je, wajua kwa nini ni vigumu kumshuhudia ndugu yako kuliko mgeni?

Mkristo anaweza kumweleza abiria asiyemjua habari za Yesu bila kusita, lakini akikaa na kaka yake wa tumbo moja ulimi unakuwa mzito. Wengi hujilaumu kwamba imani yao ni haba. Mimi naona sababu iko kwingine. Mgeni husikia maneno yako tu. Ndugu yako huyasikia pamoja na maisha yako yote. Anajua ulivyomjibu mama jana, na lile deni ambalo hujamlipa.

Hata Yesu yalimkuta. Marko anaandika kwamba jamaa zake walitoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili (3:21), na Yohana anasema wazi kuwa nduguze hawakumwamini (7:5). Yakobo, mmoja wao, tunamkuta baadaye akiwa kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, baada ya kutokewa na Bwana aliyefufuka.

Ajabu ni kwamba injili imekuwa ikipita sana katika njia hiyohiyo ngumu. Andrea alianza na nduguye Simoni. Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi, akimngoja mtume Petro aje kumhubiria, aliwakusanya jamaa na rafiki zake. Filipo alipomweleza Nathanaeli habari za Yesu wa Nazareti, naye akauliza kama kuna jema liwezalo kutoka huko, Filipo hakubishana naye, alimjibu, "Njoo uone." Wanasosholojia nao wameliona jambo hili. Mwaka 1965 John Lofland na Rodney Stark walichapisha utafiti kuhusu kikundi kidogo cha dini huko Marekani, wakaonyesha jinsi urafiki na watu waliokwisha kujiunga unavyomvuta mtu aingie.

Nguvu hiyo inahitaji uangalifu mkubwa. Rafiki akigundua kwamba ukaribu wenu ulikuwa chambo, ataumia, na atakuwa na haki ya kuumia. Mpende hata kama hatakanyaga kanisani maisha yake yote.

Basi uanzie wapi? Petro anawaambia waumini wawe tayari kumjibu kila awaulizaye habari za tumaini lao, kwa upole na heshima (1 Petro 3:15). Kwa mtu wa karibu, mara nyingi swali huja kwanza, nalo huzaliwa na kitu alichokiona: umelipa lile deni, umeomba radhi bila kulazimishwa. Akiuliza, mweleze kwa ufupi Mungu alivyokutendea, kwa maneno ya kila siku. Akiwa na msiba au mgonjwa, muulize kama angependa umwombee, na akikubali, omba hapohapo, sala fupi.

Kisha kuna kungoja, na hapa ndipo wengi tunapochoka. Monika, mama Mkristo wa karne ya nne, alimlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya mwanawe Augustino, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu mkubwa wa kanisa. Alipomsihi askofu mmoja akazungumze naye, askofu alikataa, akamwambia kijana bado hajawa tayari kufundishwa, aendelee tu kumwombea. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387 akiwa na miaka 32, na mwaka huohuo Monika akafariki.

Ndugu yako akikuambia hataki kusikia tena, nyamaza kuhusu hilo. Mwombee, na uendelee kumpigia simu kumjulia hali kama ulivyokuwa ukifanya.